Hesabu ya Sahani

Sahani mia tatu na arobaini tuliziuza
kabla hatujamenya kiazi hata kimoja:
tikiti za rangi ya waridi, muhuri wa chama cha mtaa,
nyama ya nguruwe, mahindi meupe,
viazi vilivyokaushwa kwa baridi ya Juni,
vyote kwa ajili ya moyo
usiotimia ukubwa wa limau.

Mtoto ni wa Herminia na Primitivo Choque,
wapangaji wa chumba nyuma ya karakana ya matairi
huku El Alto, ambako hewa ni ya kupimiwa
na hata mwenye mapafu mazima hupanda ngazi kwa vituo.
Ana miezi saba. Jina lake Adalid.
Akinyonya hutoka jasho kama mchimba bati;
mara tatu, huacha, huhema,
hututazama kana kwamba sisi ndio tunaomchosha.

Daktari alichora kwenye kisogo cha risiti:
hapa pana mlango mdogo.
Mtoto akiwa tumboni huwa wazi,
akizaliwa hujifunga wenyewe.
Wa huyu umegoma.
Kisha akaandika chini, kwa kalamu ileile,
bei ya kuufunga.

Primitivo, mchukuzi wa sokoni,
ambaye kabati la milango mitatu hulipandisha mgongoni,
aliikunja risiti mara nne
akaitia ndani ya kofia yake ya sufu.
Wiki nzima hakuivua, hata kulala.

Daftari nilishika mimi.
Nashona sketi za marinda, tarakimu hazinitishi;
tena waliniamini kwa kuwa sina mume wa kuniibia.

Jumapili ikaja na mvua ya mawe.
Bendi ya binamu yao ilipiga bure hadi saa saba,
baada ya hapo ikapiga kwa bia.
Benita, asiyesemeshana na Herminia
tangu ule ugomvi wa bomba,
alileta sufuria lake kubwa, akalitua kwa kishindo:
"Nataka lirudi limesuguliwa."
Mmoja alinunua tikiti kumi, hakuja kula.
Mwingine alikula mara mbili kwa tikiti moja;
nilimwona, nikanyamaza,
nikamwandika.

Usiku tukamwaga sarafu juu ya blanketi,
zinanuka mafuta na vitunguu.
Husemwa haba na haba hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba cha nani,
wala kimetoboka wapi.
Tulipungukiwa elfu mbili na mia sita.

Na mwezi huo zamu ya upatu ilikuwa yangu.
Miezi kumi na mmoja nimewatazama wenzangu wakipokea:
huyu jiko, huyu jeneza la mama yake, huyu meno.
Langu lilikuwa paa.

Sitasema nilitoa kwa moyo mweupe.
Nilihesabu tena nikiomba niwe nimekosea.
Nilimchukia mtoto, dakika mbili hivi,
nikaichukia na kofia ya baba yake.
Halafu nikaandika mstari wa mwisho:
*Mtu fulani, elfu mbili na mia sita.*
Mwandiko wa nani, kila mtu anaujua.

Leo Alhamisi wamemwingiza, kule chini La Paz.
Herminia amenipigia simu, hasemi neno.
Nasikia magurudumu ya kitanda,
mtu anakohoa,
mlango unafungwa, sijui upi.

Huku kwangu mvua inanyesha ndani.
Ndoo ya kwanza inaita, ya pili inaitika,
ya tatu huchelewa, na mimi,
sindano imesimama juu ya rinda,
naisikilizia hiyo ya tatu.
Sufuria la Benita liko mezani. Nimelisugua mara mbili,
bado lina doa.
Simu sijaikata.